Mama Ezron Yumo Kwenye Diski

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana mkisikia upande wa Ezron kwanza mtaambiwa kwamba Siwema ana hasira za karibu na mkono mwepesi. Ni kweli. Hasira ninazo, na mkono wangu haujawahi kungoja ruhusa ya kichwa. Siku ile ulikuwa mwepesi mno juu ya mausi ya kompyuta, ndipo nikamfuta mama wa watu, marehemu, mbele ya mumewe, saa nne asubuhi.

Lakini kosa halikuanzia kwangu. Mimi nililimalizia tu.

Nina duka la picha na video hapa Bagamoyo. Si ile ya pwani alikotoka babu yangu. Hii ni Bagamoyo ya Tukuyu, ambako mvua ikikosa siku tatu watu wanaanza kuulizana kulikoni. Baba yangu aliuza kanga na sabuni kwenye chumba hiki hiki, enzi ambazo sabuni ikifika watu wanapanga foleni kuanzia alfajiri. Kisha ikaja ruksa, soko likafunguliwa, kila mtu akawa analeta anachotaka kutoka anakotaka. Mimi nikaleta kompyuta ya mitumba kutoka Dubai, inatumia Windows. Ezron, mwenzangu wa kazi, akapewa na mgeni wake Mjerumani kompyuta ya kukunja, Mac, nyeupe kama shuka la hospitali, na tangu siku hiyo akawa anaongea nasi kwa upole wa mtu aliyebarikiwa. Hakuna aliyetuuliza kama mashine hizo mbili zitaelewana. Soko huria halina mshenga.

Kazi tuligawana. Ezron anapiga picha za video kwenye harusi na misiba, anazihariri kwenye Mac yake. Mimi nachoma DVD na kuchapisha kava, kwa kuwa mashine ya kuchoma nyingi kwa mpigo ninayo mimi. Katikati yetu ilikuwepo diski moja ya nje ya GB mia tano, tuliyochangia wote wawili, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo cha kanisani. Asubuhi iko kwake, jioni iko kwangu.

Sasa diski hizi zina mambo yake. Kila aina ya kompyuta ina namna yake ya kupanga vitu ndani. Upo mpangilio wa Windows, ambao Mac inausoma lakini haiwezi kuongeza kitu. Upo mpangilio wa Mac, ambao Windows haiuoni kabisa. Inaitazama diski iliyojaa na kudhani imetoka dukani jana. Na upo mpangilio wa zamani ambao zote mbili zinaukubali, ila huo haupokei faili moja linalozidi GB nne. Tulikuwa tunatumia huo wa zamani na tuliishi kwa amani, mpaka Ezron alipopiga harusi moja kijijini Matwebe iliyotoka na faili la GB kumi na moja. Diski ikakataa.

"Ikate mara tatu," nikamwambia.

"Dada Siwema, mimi sikati kazi yangu vipande kama muuza samaki."

"Basi imeze nzima."

Tukanuniana wiki nzima. Katika wiki hiyo, bila kuniambia neno, Ezron akahamisha vitu vyote, akaipanga diski upya kwa mpangilio wa Mac, akavirudisha. Nadhani aliona aibu kunieleza. Mwanamume akiwa na kompyuta nyeupe halafu akaona aibu, jiandaeni kwa hasara.

Sasa niwaambie kilichokuwa ndani ya diski hiyo. Harusi zilikuwemo, kwaya zilikuwemo, na alikuwemo mama yake Ezron, Agness wa Nkunga. Desemba iliyopita Ezron alimkalisha chini ya mwanga mzuri, akamrekodi akitoa salamu za shukrani kwa familia, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Mwezi wa tatu mama akafariki kwa homa ya mapafu, siku nne tu kitandani. Kwa tulivyojua, katika maisha yake yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kumrekodi. Jumamosi ya wiki ninayoisimulia familia ilikuwa inaweka msalaba kaburini, na mumewe, Mzee Ambindwile, aliomba jambo moja tu: baada ya ibada, waliokuja wamwone Agness akiongea, na yeye amsikie. Deki ilishaazimwa, televisheni ilishaazimwa, jenereta lilishaahidiwa. Ilibaki mimi nichome DVD.

Tangu tununiane diski haikurudi kwangu; ilikuwa inakaa kwa mzee mwenyewe, kijijini Nkunga, kwenye sanduku la bati, kwa vile nyumba ya Ezron hapa mjini ilishaingiliwa na wezi mara mbili. Tangu mzee aambiwe mkewe yumo humo, alilisogeza sanduku lile mpaka ubavuni mwa kitanda.

Bado kitu kimoja, kwa faida ya wasomaji wa mbali. Wanyakyusa wanaoshika ya wazee, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi. Akimwona anakuja njiani anajifunika kanga na kuingia migombani mpaka apite. Na kazi si ya mwanamke peke yake: mzee naye akihisi mkwe yuko karibu anageuza shingo na kukohoa, ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. Si chuki, ni heshima, na inawachosha wote wawili. Wengi wa mjini wameshaiacha. Mzee Ambindwile hakuiacha, na Ikupa, mke wa Ezron, aliyesoma kompyuta chuoni Mbeya na anayenishinda mimi kwa mbali, hakutaka kuwa wa kwanza kuivunja. Miaka tisa ya ndoa, hawajawahi kusemezana. Mama Ezron alipokuwa hai ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Alipofariki, Ikupa akawa anapanda Nkunga kila Jumamosi na chakula, anaweka kizingitini, anaondoka. Mzee anatoka, anakula, anaosha sahani na kuiacha pale pale.

Basi Alhamisi ile Ezron alikuwa Kyela kwenye harusi, na Mac yake mgongoni. Alimpigia baba yake simu mapema: baba, saa nne peleka diski kwa Siwema, na usiiache hata dakika moja. Kisha akampigia mkewe: saa nne mpelekee dada Siwema ile CD yenye programu ya kuiwezesha Windows kusoma diski ya Mac, na mwambie aiweke kwanza kabla ya kuchomeka diski, na kompyuta ikimuuliza kama aifomati, akatae. Akazima simu, akaingia kanisani na kamera yake. Msomi mzima aliwatuma mkwe na mkwe kwenye kaunta moja saa moja, jambo ambalo mtoto wa miaka mitano pale Nkunga asingelifanya.

Mzee alifika wa kwanza, koti lake refu linachuruzika maji.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba, mwanangu. Ugonile?"

"Ndaga, baba," nikamjibu kwa Kinyakyusa chake. "Karibu kiti."

Alikuwa amebeba kapu la ndizi mbichi. Akatoa ndizi moja moja, bila haraka, na chini yake kabisa kulikuwa na kitenge cha mwanamke kilichokunjwa vizuri, na ndani ya kitenge diski.

"Esloni amesema nisiiache," akasema, ndivyo anavyomwita Ezron. "Nitakaa hapa mpaka umalise."

"Kaa baba, si kazi ya muda mrefu."

Nikachomeka. Kompyuta ikaanza kuguguna, na wakati huo huo mlango wangu wa nyuma ukagongwa. Si kugongwa kwa mtu mwenye shida, ni kwa ukucha, mara mbili, halafu kimya.

"Ingia," nikasema.

Hakuna aliyeingia. Ukucha ukagonga tena.

Mzee Ambindwile akanyanyuka kidogo, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akakaa, akakohoa. Nilimwona. Nimezaliwa Tukuyu, nina miaka arobaini na miwili hapa, najua desturi zao kuliko baadhi yao wenyewe, na nilimwona kwa macho yangu mawili mzee akigeukia ukuta na kukohoa, nikadhani ana mafua.

Yeye, kwa kugonga kule kwa ukucha tu, alijua ni nani yuko nyuma ya mlango. Ikupa naye alishaona koti lile kupitia upenyo wa mlango wa mbele, akazunguka nyuma. Akawa anangoja mzee aondoke. Mzee naye alikuwa ameagizwa asiondoke. Kumtaja mkwe wake kwangu aliona si adabu. Kunisemesha kwa sauti mbele ya mkwe, Ikupa aliona si adabu. Adabu ilijaa pale dukani mpaka hapakuwa na nafasi ya akili.

Kompyuta ikaniuliza: diski haijafomatiwa, unataka kuifomati sasa?

Swali hilo mimi naulizwa kila siku. Wateja wananiletea flash zilizojaa virusi wakitaka nizisafishe, naulizwa, najibu ndiyo, maisha yanaendelea. Na kichwani mwangu diski yetu ilikuwa bado kwenye ule mpangilio wa zamani tuliokubaliana, kwa hiyo nikaona ni kompyuta tu imepata kwikwi. Kidole kikabonyeza ndiyo. Ikaonya: kila kilichomo kitapotea. Ukucha ukagonga mara ya tatu, na hasira zikanipanda.

"Wewe uliyeko huko nyuma," nikapaza sauti huku nimegeuka, "ama uingie, ama uende ukagonge kwenu."

Na nikabonyeza ndiyo ya pili bila kutazama. Hasira hasara, walisema waliotangulia, na mimi nimeisoma methali hiyo kwenye kanga tatu tofauti ninazozivaa.

Baada ya nusu dakika diski ikafunguka, safi, inang'aa.

"Imekubali," nikasema. Kisha nikaitazama vizuri. "Lakini baba, humu hamna kitu. GB mia tano zote ziko wazi."

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo. Ikupa akaingia, kanga imelowa, CD mkononi, hatua tatu mpaka katikati ya duka, ndipo akakumbuka. Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Mzee, bila kugeuka, akavuta koti lake akajifunika kichwa kizima.

Tukabaki hivyo watatu. Mmoja ndani ya koti, mmoja ndani ya kanga, na mimi nimekodoa macho.

Ikupa akanisogelea sikioni. "Dada, umefomati?"

"Iliniuliza."

"Nilitumwa nije kukuambia ukatae."

"Sasa mbona hukuja?"

Alitazama upande wa lile koti, akainamisha kichwa, na mimi ndipo nikaelewa yote kwa mpigo: mlango, ukucha, kiti, kikohozi. Nikakaa kwenye kreti la soda.

"Mwanangu," sauti ikatoka ndani ya koti. "Diski haina kitu, maana yake nini?"

Nisingeweza kumdanganya. "Maana yake nimefuta, baba. Kwa kosa langu."

Nikamwambia aende akapumzike kwa fundi Meshaki, jirani yangu wa cherehani, pana kiti cha kuegemea. Sisi tutaangalia la kufanya.

"Siendi," akasema. "Mke wangu yumo humo ndani. Siendi popote."

Ikupa alishaketi kwenye kompyuta. Aliivuta kanga ikafunika shavu la upande wa mzee, akabaki na jicho moja la kazi. Akaanza kuninong'oneza, na mzee naye akaanza kuniuliza kutoka ndani ya koti, na mimi kreti langu liko katikati.

"Muulize huyo mtu," akasema mzee. "Atapatikana?"

Nikamgeukia Ikupa aliyekuwa umbali wa kumpiga kibao. "Baba anauliza kama mama atapatikana."

"Mwambie baba vitu vyenyewe havijafutika. Kilichofutika ni orodha ya wapi kila kitu kimekaa. Tusiandike chochote juu yake, tutafute programu ya kuokota kimoja kimoja."

Nikamgeukia mzee. "Baba, anasema..."

"Nimesikia," akasema mzee. Halafu akajirudi. "Yaani, niambie."

Nikamwambia upya, neno kwa neno, ili heshima ikamilike.

Programu tuliipata kwenye CD moja niliyonunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, yenye programu mia na ushee zisizo na baba wala mama. Ikupa akaichagua, akaiwasha, akaielekeza iweke itakachookota kwenye kompyuta yangu, si kwenye diski. Ikaandika muda uliobaki: saa sita. Nikasema Alhamdulillahi kwamba si siku sita, nikaanza kumwomba Mungu umeme.

Nimeshinda dukani siku nyingi ndefu, lakini ile ilizidi. Wateja wa picha za pasipoti wanaingia, wanaona mzee amefunikwa koti anatazama ukuta, binti amejiziba shavu, na mimi nahamisha maneno kati yao. Ambao ni wenyeji walielewa mara moja, wakashusha sauti na kutoka kinyumenyume. Meshaki alichungulia akaniuliza mzee huyo ameiba nini. Nikamwambia ameiba mita yako ya kupimia suruali, nenda ukaitafute.

Saa saba nikapika ndizi zile zile za mzee. Sahani yake nikaiweka kwenye stuli mbele ya ukuta. Akala chini ya koti.

"Mwambie," akasema alipomaliza, "ndaga fijo kwa chakula cha Jumamosi. Tangu mwezi wa tatu sijapata mtu wa kumtuma."

Nikageuka. Ikupa alikuwa ametazama kibodi. Sikurudia maneno yale. Nilijua yamefika.

Saa nane Ezron akawasha simu. "Dada Siwema, vipi, DVD zimetoka?"

"Ezron, uliwaagiza baba yako na mkeo waje kwangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Wote wawili?"

Nikasikia tarumbeta za harusi, nikamsikia na yeye akimeza mate. Nikamweleza yaliyotokea, ya kwangu na ya kwake, sikupunguza na sikuongeza, isipokuwa mwishoni niliongeza kidogo. Akasema anakuja. Nikamwambia abaki huko huko amalize harusi ya watu, na akiikata vipande mimi sitasema kitu.

Saa kumi programu ikamaliza. Ilikuwa imeokota mafaili mia mbili na kitu, yote hayana majina, namba tupu. Ikupa akaanza kuyafungua moja moja. Shangazi wa harusi ya Matwebe akicheza na sinia la keki kichwani. Kwaya iliyofungua vinywa bila sauti. Ezron peke yake mbele ya kamera, anachana nywele, anajitazama upande huu, anajitazama upande ule, dakika nne. Mkewe akalifunga, akaenda linalofuata.

Faili la themanini na kitu likafunguka, na alikuwa mama. Amekaa kitini, kitambaa cheupe kichwani, ukuta wa bluu nyuma yake. "Bwana asifiwe," akasema, "mimi Agness, napenda..." Picha ikaganda, mdomo uko wazi. Ikupa akafunga, akafungua tena. Bwana asifiwe, mimi Agness, napenda. Mara ya tatu hivyo hivyo. Faili lile lilikuwa kubwa mno, lilikuwa limetawanyika huku na huku kwenye diski, na programu imeokota kichwa tu.

"Ndiyo hiyo yote?" akauliza mzee.

Ikupa alijaribu njia nyingine, na nyingine. "Mwambie baba," akanong'ona, na hakumalizia.

"Ndiyo hiyo, baba," nikasema. "Mengine yamepotea. Nisamehe."

Koti halikusogea. Nimewahi kutukanwa na wateja kwa majina ya wanyama wote wa nchi hii, na sikuumia kama nilivyoumia na ukimya ule. Natamani angenitukana.

Yalibaki mafaili madogo madogo mwishoni. Ikupa akawa anayapitia kwa haraka, na alipofika kwenye moja, picha ikafunguka imevunjika vipande vya kijani na zambarau, haionekani kitu. Lakini ilisikika sauti ya kisu kikimenya ndizi, na kuku.

"Hilo si kitu," akasema Ikupa haraka, akapeleka mkono kufunga. "Ni mimi nilikuwa najaribu kamera jikoni."

Nilimshika mkono. Nimeshasema, mkono wangu haungoji.

Walikuwa ni mama na Ikupa, wanaongea Kinyakyusa. Mimi nawapeni kwa Kiswahili. Sauti ilikuwa nzima, kana kwamba tuko jikoni pamoja nao.

"Umewasha hiyo?" anauliza mama.

"Hapana mama, naijaribu tu."

"Haya. Nilikuwa nasema, huyu mzee wenu. Miaka arobaini na moja namwambia uji una moto. Miaka arobaini na moja anaungua, halafu ananitazama mimi kama niliuchemsha kwa ubaya."

Kicheko cha Ikupa.

"Cheka tu. Yuko huko nje anajifanya anachonga mpini. Ule mpini ulishachongeka tangu juzi. Anategesha sikio asikie kama tunamsema."

"Na tunamsema."

"Tunamsema, ndiyo. Tumseme nani mwingine."

Ikupa, yule wa dukani, alikuwa amejifunika kanga uso mzima sasa, macho yote mawili. Kisu kikaendelea kumenya.

"Lakini nikitangulia mimi, sijui mtaishije," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayefikiria chumvi. "Utamletea chakula, utaweka mlangoni, utakimbia. Chumvi ikizidi atamwambia nani? Wewe ukiumwa utamwambia nani? Nyumba nzima mdomo wenu ni mimi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Miaka yote hii hajawahi kukusikia hata unavyocheka. Basi anakosa, maskini. Unacheka kama mbuzi aliyemeza filimbi."

Ikupa akaangua kicheko, mama naye akafuata, na wakacheka wote wawili, mpaka kisu kikaanguka sakafuni, mpaka kuku wakakimbia, kicheko cha wanawake waliofunga mlango wa jikoni na hawamwogopi mtu. Kisha faili likaisha.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Cherehani ya Meshaki ilikuwa imesimama. Najua alikuwa anasikiliza, na siku hiyo tu nilimsamehe. Ikupa alibaki ndani ya kanga. Baba mkwe wake amesemwa na masikio yake mwenyewe yanasikia, na kicheko cha Ikupa kimo, hakuna wa kumwombea radhi.

Koti likatikisika. Nikadhani mzee analia, na labda alikuwa analia. Kisha akalishusha koti mpaka mabegani, kichwa chake cheupe kikatokea, bado kinatazama ukuta.

"Ikupa," akasema.

Jina lake. Nilimwona binti akishtuka mwili mzima.

"Lile la mwisho," akasema mzee. "Rudisha nyuma kidogo."

Nikafungua mdomo niyapeleke maneno, kama nilivyoyapeleka tangu asubuhi. Ikupa aliniwahi.

"Nirudishe mpaka wapi, baba?"

"Pale mnapocheka."